MWALIMU NYERERE NA MSHAHARA WA MWALIMU

Haya wadau, huyu mzee yumo kwenye noti ya elfu moja, uwanja wa ndege wa Dar una jina lake, na kila mtu anamwita Mwalimu. Lakini waulize vijana wa rika letu alifundisha wapi, somo gani, na alilipwaje... kimya! Leo tuangalie hilo tu, mambo ya uhuru mlishayakariri darasa la tano.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922. Shule alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa kijana wa miaka 12, akapanda hadi Tabora, kisha Makerere kusomea ualimu. Alipomaliza mwaka 1945 akawa na kazi mbili za kuchagua, zote Tabora. Moja shule ya serikali, mshahara mkubwa zaidi na pensheni juu. Nyingine St. Mary's ya mapadre (ndo Milambo ya leo), mshahara mdogo, na miaka utakayofundisha pale haihesabiwi kwenye pensheni ya serikali. Jamaa akachukua ya mapadre! Hebu fikiria, walimu wawili wenye elimu sawa, mji mmoja, wote wanafundisha watoto wa nchi hii hii, halafu mmoja anahesabika na mwingine hahesabiki.

Pale St. Mary's alifundisha biolojia na historia, na jioni akawafundisha watu wa mjini Kiingereza bila kuchukua hata senti. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na digrii, akapangiwa Pugu, nayo shule ya mapadre. Basi bwana, siku za kazi yuko darasani na chaki, wikiendi yuko Dar kwenye mambo ya TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa. Kurudi tu akaambiwa achague, ualimu au siasa. Mwezi ule ule akaandika barua ya kuacha kazi. Ana mke, ana watoto wachanga, na mshahara hana. Akarudi kwao Musoma, na kwa muda akamfundisha padri mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki. Yaani hata alipoacha ualimu aliendelea kufundisha.

Sasa kaingia madarakani. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuwaweka walimu wa serikali na wa misheni kwenye utumishi mmoja. Yale ya Tabora yakaisha. Hapo mimi nampa tano!

Lakini tusimpambe tu. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa vyote, kikabaki kimoja, NUTA, na hicho kilikuwa karibu sana na serikali. Walimu nao wakamezwa humo. Mpaka CWT inaanzishwa mwaka 1993, mwalimu wa Tanzania hakuwa na chama chake mwenyewe cha kudai mshahara. Na aliyewaweka hapo ni mwalimu mwenzao. Binafsi hili linaniuma kuliko yote.

Mwenyewe alikuwa na msimamo kwamba msomi asijione. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, likiwemo la kukatwa mshahara. Aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Sawa, rais akikatwa asilimia 20 bado anakula. Mwalimu wa kijijini je?

Halafu Musoma, Novemba 1974. Chama kikaamua kila mtoto aende shule ndani ya miaka mitatu. Walimu watoke wapi? Wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huko huko vijijini kwa masomo ya posta na redio, huku wenyewe tayari wanafundisha. Ndo hao "walimu wa UPE" mnaowacheka, kama walivyochekwa baadaye wale wa "Voda fasta". Ila bila hao watoto wengi sana wa vijijini wasingeshika kalamu. Na kazi haikuishia darasani: shamba la shule ni lako, kisomo cha watu wazima jioni ni chako, mikutano ya kijiji unaandika wewe kwa sababu ndiye unayejua kuandika. Ukaja mfumuko wa bei baada ya vita vya Uganda, mshahara ukawa haufiki hata katikati ya mwezi, na mwalimu akaanza kuuza maandazi na barafu kwa wanafunzi wake mwenyewe.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Kwa mdomo wa watu alikuwa bado Mwalimu, si Rais.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu yupo mzee au mama aliyekuwa mwalimu wa UPE, muulize mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi na alinunua nini. Kisha tuwekee hapo chini.