Büchner, rubani wa ndege pekee ya Wajerumani nchini

BRUNO Büchner, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1871, alivuma kwanza katika mashindano ya baiskeli, kisha ya magari, kabla ya kugeukia urubani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914 ilimkuta Dar es Salaam na ndege yake, ambayo jeshi la kikoloni liliitwaa kwani halikuwa na nyingine. Akipeleleza pwani, alijeruhiwa kwa risasi za Waingereza.

Baadaye ndege hiyo ilifungwa maboya ili itue majini, lakini manowari za Waingereza zilikwisha kuifunga bahari na vipuri havikuweza kuagizwa.

Baada ya vita aliendesha nyumba ya wageni huko Obersalzberg, ambako Hitler alifikia. Mwaka 1936 utawala wa Hitler ulimnyang'anya. Alifariki dunia mwaka 1943.