Lewis Carroll na Kigugumizi Chake

Charles Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari, 1832, katika kijiji cha Daresbury, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa 11. Charles alikuwa wa tatu, na ndiye mvulana wa kwanza.

Charles alikuwa na kigugumizi. Mwenye kigugumizi si mjinga. Neno analijua, lakini likifika mdomoni linakwama. Nyumbani hakuwa peke yake, maana ndugu zake wengi nao walikuwa na kigugumizi.

Mwaka 1843 walihamia kijiji cha Croft. Huko Charles alikuwa fundi wa michezo. Akisaidiwa na seremala wa kijiji, alitengeneza wanasesere wa kuchezeshwa kwa nyuzi. Bustanini alitengeneza gari moshi kwa toroli na pipa. Gari hilo lilikuwa na vituo vyake na sheria zake. Abiria akianguka, alitakiwa alale kimya. Mpaka magari matatu yampite juu, ndipo apate haki ya kutazamwa na daktari! Ndugu zake walikuwa na bahati kuwa na kaka kama huyo.

Mwaka 1846 alipelekwa shule ya bweni ya Rugby. Miaka yake huko ilikuwa ya taabu. Baadaye aliandika kwamba hata apewe nini, hawezi kuirudia miaka ile.

Alipokuwa mtu mzima alifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1861 alifanywa shemasi, lakini hakuendelea hadi kuwa kasisi kama baba yake. Kusoma na kuhubiri mbele ya watu kulimpa shida. Alikwenda kwa James Hunt, mtaalamu wa kutibu kigugumizi, lakini hakupona kabisa.

Tarehe 4 Julai, 1862, alipanda mashua mtoni pamoja na rafiki yake na wasichana watatu. Njiani akawasimulia hadithi ya msichana aliyeingia katika shimo la sungura. Msichana mmoja, Alice, alimwomba aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865, kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll.

Katika hadithi hiyo yumo ndege aitwaye Dodo. (Si embe dodo!) Dodo alikuwa ndege wa kisiwa cha Mauritius, naye ametoweka duniani. Katika kitabu, Dodo anatumia maneno marefu mno, mpaka mwenzake anamwambia hamwelewi. Kisha anaanzisha mashindano ya mbio ambayo kila mtu anashinda na kupata zawadi. Dodo huyo ni Charles mwenyewe. Watu wengi husema alijipa jina hilo kwa sababu alipotaka kutaja jina lake, Dodgson, lilimtoka Do-do-Dodgson.

Charles alikufa tarehe 14 Januari, 1898. Mwaka 1940 kitabu chake kilichapishwa kwa Kiswahili, kikaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu.