Louis Renault, mwenye alipumuzisha motere

Mutu mwenye amekwisha kukamata njia ndefu anajua ile dakika. Umepanda mulima na vitesi ya pili, motere inalia, bwate ya vitesi inalia nayo. Kisha njia inalala sawa, unatia vitesi ya juu, na makelele yote inashuka. Unaweza hata kuongea na mwenye unakaa naye mbele. Ile kimya iko na mwenyewe. Alikuwa Mufaransa, jina Louis Renault.

Alizaliwa Paris tarehe 12 Februari 1877. Baba yake alikuwa muchuuzi wa vitambaa na vifungo vya nguo, kwa hiyo feza haikukosa nyumbani. Masomo hayakumuingia, kichwa chake kilikuwa ku mashini tu. Familia ilikuwa na nyumba ingine Billancourt, inje kidogo ya Paris, na mu bustani yake kulikuwa kibanda cha kuwekea vyombo. Njo ile kibanda alifanya garaji.

Mu 1898, na myaka 21, alikamata tiriki moja ya De Dion-Bouton yenye magurudumu tatu, akaifungua yote, akaijenga upya na magurudumu ine. Motere ilikuwa kintu kidogo sana: sentimeta kibu 273, nguvu ya farasi moja na robo tatu. Piki-piki ya taksi ya siku hizi inaipita mbali. Mutu mwenye kuwa na motere ya namna ile hawezi kukubali hata kipande kidogo cha nguvu kipotee njiani.

Na nguvu ilikuwa inapotea. Mamutuka mengi ya wakati ule yalikuwa yanasukuma magurudumu na mikaba ya ngozi ao minyororo. Mukaba unateleza, munyororo unakula vumbi na unakatika. Renault aliweka pahali pao chuma moja ndefu yenye kuzunguka, kutoka bwate ya vitesi mpaka ku diferensieli ya nyuma. Hata leo, ukilala chini ya kamio, ile chuma utaiona.

Lakini akili yake kubwa ilikuwa ndani ya bwate. Kila mara gurudumu la meno linasukuma lingine, kidogo ya nguvu inageuka moto na makelele. Ku vitesi ya kwanza na ya pili, Renault aliacha meno yafanye kazi yao, sababu bila meno mutuka haipande. Ku vitesi ya tatu alifanya ingine: chuma yenye kutoka ku motere na ile yenye kwenda nyuma zinashikana moja kwa moja, zinazunguka kama chuma moja. Motere ikizunguka mara moja, ile ya nyuma nayo mara moja. Hakuna meno yenye kubeba muzigo katikati. Wafaransa wanaiita prizi direkte.

Hapo kazi yote ya kupunguza mbio inabakia ku meno ya diferensieli, na wenye mutuka ya mbio wanaijua sana hesabu hii. Tukamate gurudumu yenye, ikizunguka mara moja, inaenda metre mbili. Ku otoruti, kwa kilometre 120 mu saa moja, inazunguka mara 1.000 kila dakika. Kama diferensieli ni ya ine kwa moja, mu prizi direkte motere inazunguka mara 4.000. Weka ya tatu kwa moja: inazunguka 3.000, mbio ni ileile. Masikio yanapumuzika, na mara nyingi mafuta inakaa kidogo zaidi ku rezervuari.

Sasa mbona hatuweke ya tatu kwa moja ku kila mutuka? Sababu ya mulima na muzigo. Mutuka ya sipore ni nyepesi na iko na nguvu ya kubakiza, inaweza kuvumilia meno ya namna ile. Kamio yenye kubeba majiwe ingekufa ku mupando wa kwanza. Kisha wenye kutengeneza mutuka wakapata njia ya katikati: wanaacha diferensieli ya ine, wanaongeza vitesi ya tano yenye kuzungusha chuma ya nyuma kuliko motere yenyewe. Motere ikizunguka mara nane, ile ya nyuma inazunguka kumi, zile 4.000 zinashuka 3.200. (Mamutuka mengi ya leo, yenye motere inalala kikingamo mbele, hayana tena prizi direkte ya kweli. Lakini hesabu haikubadilika.)

Turudi ku kijana. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1898 alionyesha warafiki zake ile kamutuka. Wengine hawakuamini. Akaipandisha rue Lepic, njia ya kupanda kilima cha Montmartre, yenye mupando wa 13 kwa mia. Ikapanda. Usiku ule alipata oda 12. Mu Februari 1899 akaandikisha breve ya prizi direkte, na pamoja na ndugu zake Marcel na Fernand wakafungua kampuni. Wengine walipoanza kuiga, aliwapeleka ku tribinali, akashinda, wakamulipa.

Louis na Marcel walikuwa wanashindana wenyewe ku njia. Mu 1902 Marcel alifika wa kwanza kutoka Paris mpaka Vienna na mutuka nyepesi, akapita wenye motere kubwa. Mwaka wenye kufuata, ku Paris-Madrid, Louis alifika Bordeaux mbele ya wote. Pale njo alipata habari: Marcel ameanguka ku Couhé-Vérac. Marcel alikufa tarehe 26 Mei 1903, na myaka 31. Louis hakushindana tena hata siku moja. Fernand naye alikufa mu 1909, na Louis akabakia peke yake na kiwanda.

Kama mukubwa wa kazi alikuwa mugumu. Mwenye alipumuzisha motere alileta kronometa ku wafanyakazi, kila mukono uhesabiwe sekunde, na mu 1912 na 1913 watu wa Billancourt walifanya mugomo juu ya ile kronometa. Walishindwa, na wengi walifukuzwa.

Mu Septemba 1914 taksi zake zilipeleka waaskari ku vita ya Marne, na nyuma kiwanda kikatengeneza kifaru FT. Kwa hiyo Ufaransa ilimuheshimu sana. Mu vita ya pili kiwanda kilifanyia Wadeutsch kazi, na ile heshima ikaisha. Alikamatwa mu Septemba 1944, mugonjwa tayari, akafungwa Fresnes, akakufa tarehe 24 Oktoba bila kuhukumiwa. Watu wangali wanabishana kama alilazimishwa ao alikubali. Tribinali haikupata nafasi ya kusema. Mu Januari 1945 serikali ikatwaa kiwanda. Breve yake ya 1899 ilikuwa imekwisha zamani, mu 1914, na tangu pale kila mutu aliweza kutengeneza prizi direkte bila kulipa hata franga moja.