Benuzzi: Mateka aliyetoroka kambini kupanda Mlima Kenya na vifaa vya jua kali

Kama wewe na mbogi yako mmepanga kupanda Mlima Kenya Desemba hii, nafikiri najua utaanzia wapi kutafuta glavu. Ni Toi, pale pembeni mwa Kibera. Ama kama unaishi Kawangware, utaanzia kwa wamama wa mitumba huko huko kwenu. Watu wa boda ndio wanaozijua zaidi hizo glavu nene, kwa sababu ya baridi ya Julai. Wengi huziita tu glavu za baridi, lakini ukizikagua utaona zilishonewa mtu wa Ulaya au Marekani anayeteleza kwenye theluji akiwa amesimama juu ya ubao.

Kabla hujatoa pesa, ngoja nikuambie kuhusu msee mmoja aliyepanda mlima huo huo bila Toi, bila duka, na bila hata ruhusa ya kutoka nje ya geti.

Anaitwa Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1910, mama Mwaustria, baba Mwitaliano, akakulia Trieste karibu na milima. Alisomea sheria Roma, na miaka ya 1930 aliiwakilisha Italia katika kuogelea. Mwaka wa 1938 alioa, kisha akaajiriwa katika utawala wa kikoloni wa Italia na kutumwa Ethiopia. Hapo usimpake asali: alikuwa mtumishi wa serikali ya Mussolini, ndani ya nchi iliyotwaliwa kwa mabomu na gesi ya sumu. Waingereza walipoingia Addis Ababa mwaka wa 1941, yeye akawa mateka. Akatenganishwa na familia yake, akaletwa Kenya.

Alihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, mwishowe akatupwa Kambi 354, Nanyuki. Na hapo ndipo kisa chetu kinapoanza. Fikiria kukaa mahali ambapo leo ni kama jana, na kesho itakuwa vivyo hivyo. Hakuna kazi na hakuna tarehe ya kutoka. Wewe unayekaa mtaani bila kibarua tangu umalize shule huhitaji kuelezwa zaidi. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona Mlima Kenya. Akaamua atatoroka. Si kukimbilia kwao, kwa sababu nchi yoyote isiyokuwa na Waingereza ilikuwa mbali mno. Alitaka kupanda mlima, halafu arudi kambini.

Vifaa je? Hapa ndipo fundi yeyote wa jua kali atamheshimu. Yeye na wenzake walichukua nyundo, wakazigeuza kuwa mashoka ya barafu. Vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu ili usiteleze vilitengenezwa kwa mabati ya gari bovu na seng'enge. Kamba zilitoka kwenye nyavu za katani za vitanda vyao. Nguo za baridi zilishonwa kwa blanketi. Malipo kwa mafundi wa kambini yalikuwa sigara, kwa hivyo Benuzzi akaacha kuvuta ili aziweke. Chakula nacho kiliwekwa kidogo kidogo kwa miezi. Ufunguo wa geti la shamba la mboga ulichongwa kwa kuigiza alama ya ule halisi, iliyokandamizwa kwenye kipande cha lami.

Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi ya kopo la nyama na mboga, yenye picha ya mlima.

Sasa rudi kwenye zile glavu zako. Benuzzi alilazimika kufikiria kila kifaa kitamfia wapi, na wewe fanya hivyo hivyo pale kibandani. Glavu ya ubao wa theluji hufa kwanza kwenye kiganja na ncha za vidole, kwa sababu hapo ndipo mtu hushikia ubao na kujizuia anapoanguka. Tafuta iliyowekwa ngozi sehemu hizo na kushonwa mara mbili. Ingiza mkono, halafu uutoe haraka. Bitana ikitoka pamoja na vidole vyako, iache, hata kama muuzaji anaapa ni kamera. Ukiwa mlimani na mkono umelowa, hutaweza kuirudisha ndani gizani. Angalia pia mkono wake uwe mrefu upite kifundo, uwe na kamba ya kukaza. Kama ngozi ni nzima lakini uzi umeoza, usiogope: mpelekee fundi wa viatu aishone upya kwa uzi wa nta. Na ikilowa, isianikwe karibu na jiko. Ngozi hukauka ikapasuka na gundi huachana.

Ndani vaa glavu nyembamba ya sufu. Safari ya mwisho ya Lenana huanza usiku, na baridi huwa chini ya sufuri. Vidole vikishakufa ganzi hata zipu ya jaketi huwezi kuifunga. Damu ikikosa kufika, nyama yenyewe huanza kuganda.

Benuzzi alitoka Januari 24, 1943, na wenzake wawili: Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Enzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo. Walipita msituni wakifuata mto, katikati ya ndovu, vifaru na nyati, bila bunduki. Barsotti akaugua, akaachwa kwenye kambi yao ya juu. Wale wawili wakajaribu Batian, kilele cha mita 5,199. Ile picha ya kopo ilikuwa imechorwa kutoka kusini, nao walikuwa wakipanda kutoka upande wa kaskazini. Dhoruba ya theluji ikawapata kwenye mwamba. Wakageuka.

Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Miezi ya kuacha sigara, miezi ya kuiba vyuma, halafu unaambia mwenzako turudi. Mlima Kenya umewameza watu waliokataa kugeuka.

Chakula kilikuwa karibu kuisha. Hata hivyo Februari 6 walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Wakateremka wakiwa na njaa ya kutisha, na Februari 10 wakaingia tena kambini kama walivyotoka, kisirisiri. Kesho yake wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao, lakini mkuu wa kambi aliipunguza hadi 7, kwa kuwa alivutiwa na ushujaa wao wa kimichezo. Bendera ilikutwa baadaye na wapanda milima Waingereza, wakaiteremsha.

Benuzzi alirudi kwao mwaka wa 1946. Kitabu chake kikatoka kwa Kiitaliano mwaka uliofuata, na mwaka wa 1952 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina No Picnic on Mount Kenya. Akawa mwanadiplomasia, akahudumu Australia, Pakistan na Ujerumani, hadi akafika kuwa balozi nchini Uruguay. Alifariki Roma mwaka wa 1988, akiwa na miaka 77.