Leader Stirling

Leader Dominic Stirling (1906 - 2003) alikuwa daktari mpasuaji, mmisionari na mwanasiasa wa Tanzania mwenye asili ya Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa hospitali ya Lulindi katika wilaya ya Masasi, na kwa kuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Julius Nyerere kuanzia mwaka 1975 hadi 1980.

Maisha ya awali

Stirling alizaliwa Uingereza akasomea udaktari London. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 29, alikuja Tanganyika kwa niaba ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA. Misheni hiyo ilikuwa imefika Masasi tangu 1876, ilipowaleta huko watu waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake, Vincent Lucas.

Lulindi

Lulindi iko kusini-mashariki ya mji wa Masasi, upande wa bonde la mto Ruvuma, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde ambako maji ni ya shida. Wagonjwa walikuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Wengi walifika kwa miguu au kwa kubebwa na jamaa zao. Hospitali yenyewe ilikuwa ya miti, udongo na paa la nyasi.

Magonjwa yaliyowaleta watu yalikuwa yaleyale ya ukanda wote wa kusini: malaria, safura, buba, ukoma, vidonda vya miguu visivyopona, mishipa ya ngiri, mabusha, na akina mama walioshindwa kujifungua. Daktari wa mahali pa namna hiyo hakuweza kuchagua fani. Alipasua tumbo, akaunga mifupa, akang'oa meno, akazalisha. Penisilini haikuwa imeanza kupatikana, kwa hiyo kidonda cha upasuaji kikiingiwa na vijidudu, usafi wa awali ndio uliokuwa karibu kinga pekee.

Kazi iliyodumu kuliko upasuaji wake ilikuwa kufundisha. Stirling aliwafunza vijana wa Masasi na Newala uuguzi, na kuwaandaa kwa kazi zilizodhaniwa ni za Wazungu tu, pamoja na kusaidia ndani ya chumba cha upasuaji. Haikuwa hisani tu: daktari akiwa mmoja, bila wauguzi wanaojua kazi, mgonjwa aliyepasuliwa asubuhi hana wa kumwangalia usiku. Pia alianzisha vikundi vya skauti, na baadaye akawa Skauti Mkuu wa nchi.

Kulikuwa na magonjwa ambayo hospitali za aina ile hazikuweza kuyagusa. Mwaka 1934, mwaka mmoja kabla ya Stirling kuondoka kwao, madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni mara nyingi hutokana na diski, yaani kile kito laini kilicho kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, kupasuka na kubana neva; na kwamba kipande kilichotoka chaweza kuondolewa kwa kisu. Upasuaji huo ulitaka picha za eksirei zenye dawa ya kuonyesha mfereji wa uti, pamoja na mpasuaji aliyezoea neva. Kwa mkulima wa jembe la mkono katika hospitali ya kijijini, au mama anayepandisha ndoo ya maji mlimani kila siku, tiba ilibaki kulala, kuchuliwa na kungoja.

Mnero na Kibosho

Mwaka 1949 Stirling alijiunga na Kanisa Katoliki. Kwa sababu hiyo aliondoka UMCA, na Lulindi alikokaa miaka 14. Hakwenda mbali: alihamia Mnero, karibu na Nachingwea, akajenga hospitali kwenye misheni ya Wabenedikto na kufanya kazi huko kwa karibu miaka 15. Baadaye alifanya kazi Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Siasa

Katika uchaguzi wa 1958-1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Utaratibu huo uliwekwa kuidhibiti TANU, lakini TANU iliugeuza kwa kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali msimamo wake. Stirling aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo. Baada ya uhuru alichukua uraia, akaendelea kuwa mbunge kwa miaka mingi.

Mwaka 1975 Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Sera ya kupeleka fedha vijijini kabla ya hospitali kubwa za mijini ilikuwa imekwisha kuamuliwa na TANU, na Stirling aliisimamia katika miaka yake mitano. Vituo vya afya, ambavyo wakati wa uhuru vilikuwa takriban 20, vilifika zaidi ya 200 kufikia 1980, na mpango wa taifa wa chanjo ulianza. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya binafsi kwa faida. Hospitali za dini ziliruhusiwa kuendelea. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama zake. Mwaka uleule wa 1975, Sadahisa Hijikata wa Japani alianza kunyofoa kiini cha diski iliyoharibika kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye ngozi, bila kuufungua mgongo. Tanzania ilikuwa inajenga zahanati. Mgonjwa wa mgongo kutoka Lisekese au Newala aliyehitaji mpasuaji bingwa alilazimika kusafiri mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam, ambako taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, ilianzishwa mwaka 1996. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu waziri aliyekuwa ameona watoto wakifa kwa surua na safura: fedha ya mashine moja ilitosha dawa za vijiji vingi.

Maandishi na miaka ya mwisho

Barua zake za Lulindi zilichapishwa mwaka 1947 katika kitabu Bush Doctor. Baadaye aliandika Tanzanian Doctor (1977) na Africa, My Surgery (1987). Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 97.