Mwana Kupona na Maradhi Yake

Wengi wetu tumeusikia utendi wa Mwana Kupona tangu utotoni, ukisomwa na mama zetu, tukauchukua kuwa ni chuo cha kumfunza mke adabu za mumewe. Ni kweli. Lakini mimi kila niusomapo hunijia jambo jingine, nalo ni kwamba yule bibi alikuwa mgonjwa.

Alizaliwa Pate yapata mwaka 1810, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyewasumbua sana watu wa Seyyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwachia watoto wawili: Mwana Hashima, msichana, na Muhammad, aliyekuwa mdogo bado. Mwaka 1858, yaani 1275 Hijria, akamwita bintiye aje na wino na karatasi, akamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima.

Maradhi gani? Katika beti 102 hakuyataja jina. Waliohifadhi habari zake wasema ni kutokwa na damu ya kizazi, nayo ndiyo iliyomwua huko Lamu. Sioni ajabu akinyamaza. Hata leo majumbani mwetu ugonjwa huu husemwa kwa kunong'ona, na mume huambiwa ni tumbo tu. Dini haikutufunza hivyo. Fatma binti Abi Hubaishi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza waziwazi juu ya damu isiyokatika, akajibiwa, na mafakihi wakaitungia mlango wake, istihadha: mwanamke ajisafishe, atawadhe kwa kila faradhi, asali.

Sasa tazama nasaha zenyewe. Amkande mume, ampepee, asimwamshe alalapo, amtengenezee ndevu, amfukize. Mwili wa mume umeenea kote. Mwili wa bibi mwenyewe waonekana mwanzoni, halafu tena mwishoni, anapomwomba Mola amwondolee maradhi na amtunzie wanawe. Aliyemkanda yeye ni nani, utendi hausemi.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa jina la nasaha za wajibu wa mke, na tangu hapo wako wasomi wanaomlaumu bibi kwa kumfunza bintiye unyonge. Naona wanamdhulumu. Alikuwa mjane, mgonjwa wa mwaka mzima, na binti asiye na baba. Nasaha zile mwenyewe aliziita hirizi, akamwambia mwanawe aifunge kwa uzi, aivae.