Sungura wa Anichkov

Kila nisikiapo mtu ameanguka kwa mshtuko wa moyo, humkumbuka Nikolai Anichkov, tabibu aliyezaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka wa 1885. Mnamo 1913, yeye na mwenzake Semyon Khalatov waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Kuta za mishipa ya sungura hao ziliganda mafuta, mfano wa yale yazibayo mishipa ya moyo wa binadamu.

Wengine walipojaribu kwa panya na mbwa hawakuona kitu, na kazi yake ikapuuzwa kwa miaka mingi. Kumbe wanyama hao huibadili kolesteroli upesi kuwa asidi za nyongo! Anichkov alifariki 1964. Mwaka wa 1992 ndipo wataalamu wa Marekani walipobadili jeni la panya, nao wakaugua mishipa.

Walimu wenzangu, nashikilia kwamba mnyama mmoja hatoshi kumsemea binadamu. Mwanafunzi na azoezwe kuuliza ni mnyama gani aliyejaribiwa, na kwa nini huyo. Asipouliza, atatupa ukweli uwezao kuokoa maisha, kama ulivyotupwa ule wa Anichkov.